Mali kauli

Mwaka 2016, nikiwa nasubiri matokeo ya kidato cha sita, mama alipeleka vitunguu vya Mang'ola Nairobi kwa mali kauli, yaani mzigo kwanza, pesa baadaye, kwa neno la mdomo tu. Magunia 80 ya lumbesa yalivuka Namanga Jumatatu. Ijumaa simu ya mteja ikawa haipatikani.

Mama alijua pa kwenda. Mahakama ya Afrika Mashariki si ipo hapa hapa Arusha? Mkenya kamdhulumu Mtanzania, sasa wanataka kesi gani nyingine? Akavaa kitenge chake cha harusini, akabeba daftari la madeni, nami nikabeba simu yenye meseji za yule bwana.

Karani wa masjala, binti wa rika la dada yangu, alimwamkia, akamsikiliza mpaka mwisho, hata pale mama alipochepuka kwenye bei ya mbegu. Kisha akaeleza: mwananchi huja pale kulalamikia sheria au kitendo cha nchi mwanachama kinachokiuka Mkataba wa Jumuiya, tena ndani ya miezi miwili.

"Serikali ya Kenya sina ugomvi nayo," mama akasema. "Namdai mtu."

Basi mtu, karani akamjibu, anashtakiwa kwao Kenya. Au ushinde Mahakama Kuu hapa, kisha hukumu ikasajiliwe Mahakama Kuu ya kule, maana sheria yao ya mwaka 1984 inaitaja Tanzania. Nikapiga hesabu ya wakili wa huku na wakili wa kule. Vitunguu vyote vingeishia njiani.

Tumeshanyanyuka ndipo karani akasema jambo linaloniuma hadi leo. Kungekuwa na mkataba wa maandishi, wenye kifungu kwamba tukigombana tutaipelekea mahakama ile usuluhishi, majaji wangeweza kutusikiliza. Sentensi moja! Mama akaomba kalamu, akaiandika nyuma ya daftari.

Yule mteja alilipa nusu, baada ya dalali wa Namanga kumfuata hadi mlangoni. Nusu nyingine tuliisamehe bila kupenda.

Msimu uliofuata alikuja mnunuzi mwingine kutoka Nairobi. Kabla gunia la kwanza halijapanda Fuso, mama akamwekea karatasi mbele. Akaisoma mara mbili, akacheka.

"Kwa hivyo mama, tukikosana nitakuja kulala Arusha?"

"Njoo na blanketi," mama akamjibu, akimsogezea kalamu. "Kuna baridi."