Alt iliyokataa kuachia: wiki mbili na kibodi ya kihariri changu

Imekubali! Jana saa nne usiku, hapa nyumbani Kiamunyi, mama aliandika ukurasa mzima wa kumbukumbu za chama chake ndani ya kihariri changu, programu ya kuandikia maandishi ninayoitengeneza mwenyewe. Aliruka kwenda kwa kikokotoo kujumlisha michango na kurudi mara sita, na Alt haikukwama hata mara moja. Naandika haya kabla sijasahau, kwa sababu yeyote anayehamisha programu yake kutoka X kwenda Wayland (mfumo wa zamani na mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux) bila GTK wala Qt, maktaba za kujengea madirisha, katikati atakutana na jambo hili.

Kuchora herufi kwenye dirisha kulinichukua siku tatu. Vitufe saidizi, yaani Shift, Ctrl, Alt na wenzao, vimenila wiki mbili.

Ilianza mama aliponiita kutoka sebuleni: "Kuja uone, herufi zimekataa kutoka." Niliinama nyuma ya kiti chake. Akigusa F, menyu ya faili inafunguka. Akigusa kitufe kingine, hakuna kitu. Programu iliamini Alt imeshikiliwa, na vidole vyake vilikuwa mbali nayo kabisa. Nikamwambia abonyeze Alt aiachie. Bado. Ilibidi kufunga dirisha, na nusu ukurasa ambao haukuwa umehifadhiwa ukapotea. Mama hakulalamika. Alichukua kalamu akaendelea kwenye daftari lake la kawaida. Liliniuma sana hilo.

Kwanza nilishuku kibodi, nikaazima nyingine. Tatizo likabaki. Nikashuku kompozita, yaani seva yenyewe ya skrini, nikajaribu ya pili. Vilevile. Kisha nikaingia na gdb, chombo cha kusimamisha programu na kuichungulia ndani, na hapo nilipoteza jioni tatu: hitilafu inatokea pale dirisha linapopoteza fokasi, yaani haki ya kupokea vitufe, na kila nikisimamisha programu ili nichungulie, lazima niende kwa dirisha la gdb, kwa hiyo fokasi inahama na hali ya vitufe inabadilika. Kwa makosa ya kibodi, achana na gdb. Chapisha kila kitu kwenye faili na ukisome baadaye.

Kilichonifungua macho ni `WAYLAND_DEBUG=1`, ambayo humwaga kila ujumbe unaopita kati ya seva na programu. Nikabonyeza Alt na Tab, nikarudi, nikasoma. Nikiacha pembeni namba za mfululizo na za muda, ilikuwa hivi: `key` 56 chini (56 ni Alt ya kushoto kwa hesabu ya kerneli, moyo wa Linux). Halafu `modifiers` 8, 0, 0, 0 (hiyo 8 ni Alt). Halafu `leave`, yaani fokasi imeondoka. Niliporudi dirishani: `enter`, kisha `modifiers` 0, 0, 0, 0.

Nilitafuta `key` 56 juu. Haipo! Alt iliachiliwa wakati dirisha langu halina fokasi, na seva haikuwa na sababu ya kuniambia habari za kitufe kisichonihusu tena. Mimi nilikuwa nimehesabu Alt ikishuka mara moja na sijawahi kuiona ikipanda. Ndiyo maana hata kubonyeza tena hakukusaidia: imeshuka mara mbili, imepanda mara moja, maktaba ninayotumia kusoma kibodi bado inadai moja.

Kwenye X sikuwahi kuliona tatizo hili, na sasa najua kwa nini. Katika X11, yaani X hiyo hiyo, kila tukio la kitufe hufika na hali nzima ya vitufe saidizi ndani yake. Ni biti nane: Shift, Lock, Control, na Mod1 hadi Mod5. Herufi inakuja kama mgeni mwenye barua ya chifu mkononi. Huhitaji kukumbuka nani alipita jana. Ukikosa kuona Alt ikiachiliwa, herufi inayofuata itakuonyesha kuwa Alt haipo. (Angalia tu kwamba ile hali ni ya kabla tu ya tukio, kwa hiyo Shift yenyewe ikishuka hufika na sifuri.)

Wayland imevitenganisha. Ujumbe wa `key` unabeba namba ya kitufe na kama kimeshuka au kimepanda, basi. Vitufe saidizi vina ujumbe wao, `modifiers`, wenye sehemu nne: vilivyoshikiliwa sasa, vilivyonaswa kusubiri kitufe kimoja kinachofuata, vilivyofungwa kama Caps Lock, na kundi la mpangilio linalotumika. Seva ndiyo inayoona kibodi zote kila wakati, kwa hiyo hesabu ni yake. Ikikupa `leave`, uchukulie kila kitufe kimeachiliwa, Alt ikiwemo, na usimamishe marudio ya herufi. Ukipata `enter`, subiri `modifiers` inayofuata na uiamini.

Kosa langu lilikuwa mstari mmoja. Maktaba yenyewe, libxkbcommon, ina kazi mbili zinazofanana kwa jina: `xkb_state_update_key`, inayofaa anayeona vitufe vyote, yaani seva, na `xkb_state_update_mask`, ya programu inayopokea hesabu iliyokwisha kufanywa. Mimi niliita ya kwanza kwa kila `key`, na ujumbe wa `modifiers` nikautupa nikidhani ni wa ziada. Nyaraka zinasema zisichanganywe kwenye hali moja. Nimefuta hesabu yangu yote, nikaweka `update_mask`, na Alt ikatulia.

Kesho yake Ctrl+S ikakataa kuhifadhi, lakini kwenye ile kibodi ya kuazima tu. Ina sehemu ya namba, na NumLock ilikuwa imewaka. Kwangu NumLock ni Mod2, yaani 16, na Ctrl ni 4. Mimi nalinganisha na 4 wakati jumla ni 20. Waliowahi kuandika programu za njia za mkato kwenye X wanakumbuka `XGrabKey`, jinsi unavyolazimika kukamata kitufe kimoja mara nne, bila na pamoja na Caps Lock na NumLock. Sasa nachuja hizo mbili kabla ya kulinganisha. Natoa pia vitufe ambavyo vimekwisha kutumika kutengeneza herufi yenyewe: kwenye kibodi ya Kimarekani, alama ya + inahitaji Shift, kwa hiyo Ctrl na + isihesabiwe kuwa Ctrl na Shift na +.

Na tafadhali, tuache xmodmap, chombo cha zamani cha kubadilisha vitufe kwenye X. Ukichomeka kibodi mpya, mabadiliko yako yanaweza kupotea, na kompozita ya Wayland haiisikilizi. Jifunzeni XKB, mfumo wa kueleza mipangilio ya kibodi, ingawa faili zake zinachosha macho. Mimi sasa natumia `wev`, inayoonyesha matukio ya kibodi yanayofika dirishani, kila siku, na `xkbcli` nikitaka kuona mpangilio uliotafsiriwa.

Wiki hii nilikuwa nimepanga kumaliza utafutaji wa maneno. Sijaugusa. Mama aliniuliza kama angeweza kuandika "mũcemanio" na "gĩkundi" vizuri, badala ya kuacha alama juu ya herufi, na hapo mpango wangu ukaisha. Mpangilio wa Kenya ndani ya XKB una tawi la Kikuyu: AltGr (Alt ya kulia) na u inatoa ũ, AltGr na i inatoa ĩ. Lakini Alt ya kulia ya laptopu hii imelegea, na kidole gumba chake kina maumivu. Nikaongeza chaguo la `lv3:caps_switch` kwenye mipangilio ya kompozita, ili Caps Lock ifanye kazi ya AltGr.

Nilijiandaa kurekebisha kihariri tena, na hakukuwa na cha kurekebisha. Seva ilituma mpangilio mpya, `modifiers` ikaanza kusema 128, yaani AltGr, kila Caps Lock inaposhikiliwa, na msimbo wangu ukafuata bila kuguswa. Mama akashika Caps Lock kwa kidole kidogo cha kushoto, akagusa u. Ikatoka ũ. Akaangalia skrini, akaandika jina lake lote, alama zote mahali pake, halafu akaniambia nimletee daftari anakili kumbukumbu za mwezi uliopita.

Utafutaji wa maneno utasubiri hadi Jumamosi.