"Exceed": kitenzi kisichokaa bila mpaka

Ukisema "bei zimezidi", Mswahili yeyote amekuelewa. Iandike kwa Kiingereza "prices have exceeded" na msomaji atabaki anasubiri: zimezidi nini? Kuzidi kwetu kuna kazi mbili, kuongezeka na kupita kipimo. "Exceed" hufanya hiyo ya pili tu, na kipimo chenyewe lazima kitajwe: "prices exceeded our budget". Ukitaka kusema zimepanda tu, tumia "rise" au "increase". Na "mvua inazidi kunyesha" haimhusu "exceed" hata kidogo.

Kipimo hukifuata kitenzi moja kwa moja. "Exceed over" na "exceed than" ni makosa, nadhani yanatokana na mazoea ya "more than". Kiasi kilichozidi huja na "by": "the cost exceeded the budget by 10 percent". Bajeti ikiwa 200, gharama ni 220.

Penye hatari zaidi ni pale mpaka unapokaa. "Must not exceed 500 words" inaruhusu maneno 500 kamili. La 501 ndilo lililovuka. "Exceeding 50 kilograms" haiingizi kilo 50, kwa hiyo anayetafsiri "kuanzia kilo 50" ameshausogeza mpaka. Andika "zaidi ya kilo 50". Kwenye dawa, tafadhali, soma kwa makini: "do not exceed 8 tablets in 24 hours" maana yake vidonge 8 ndio mwisho ndani ya saa 24 zozote, hata kama usiku umeingia na siku mpya imeanza. Si idadi unayoagizwa uifikie.

Neno lenyewe halisifu wala halilaumu. Asili yake ni Kilatini, "excedere", kutoka nje, na uzuri au ubaya hutegemea umetoka nje ya nini. "Exceed expectations" ni sifa: kupita matarajio. "Exceed the speed limit" ni kosa: kuzidisha mwendo. "Exceed one's authority" ni kuvuka mipaka ya mamlaka. Usilichanganye na "excel", kufanya vizuri sana, ambalo halidai kipimo: "she excels in mathematics".

Tahajia: mwisho wa "-ceed" uko kwenye "exceed", "proceed" na "succeed" basi. "Precede", "recede" na "concede" huishia "-cede". Nomino ni "excess", yenye s mbili. Mkazo wa "exceed" uko silabi ya pili, ik-SIID, na "exceeded" hutamkwa silabi tatu.