Ngano kidogo tu

Miaka mitatu nilimeza vidonge vya kuongeza damu na damu haikupanda. Nilitibiwa minyoo, nikatibiwa taifodi, tumbo likaendelea kujaa gesi na kuharisha. Ninakaa Kirumba, karibu na mwalo, dagaa ni chakula changu cha kila siku. Kila nilipoambiwa nile vyakula vyenye madini ya chuma, nilirudi nyumbani nikilia.

Daktari bingwa aliyenisaidia aliuliza nakunywa chai na nini. Nikamwambia zamani chapati, ila nimeziacha baada ya kuona zinanisumbua. Akanitaka nizirudie kwa wiki sita kabla ya kupimwa, kwa sababu ukiacha ngano kingamwili zinazotafutwa kwenye damu hushuka, utumbo huanza kupona, na kipimo kinaweza kudanganya. Wiki hizo sita sitazisahau.

Majibu yalikuwa siliaki, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo mtu akila ngano. Kinyama walichokata kwenye duodeni, pale utumbo mwembamba unapoanzia, kilionyesha vinyweleo vya kufyonza chakula vimelala bapa. Chuma hufyonzwa zaidi hapo hapo. Dagaa wangu walikuwa wanapita tu.

Alinichorea nyuma ya karatasi. Gluteni, protini ya ngano, shayiri na rai, haisagiki yote tumboni. Vipande vyake hupenya ukuta wa utumbo. Kimeng'enya cha mwili wenyewe, transiglutaminesi, huvibadilisha vikanasa vizuri zaidi kwenye molekuli za kurithi ziitwazo HLA-DQ2 au DQ8. Molekuli hizo ndizo zinazovionyesha kwa seli T, askari wa kinga ya mwili. Seli T zikivitambua humwaga kemikali za uchochezi na kusaidia wenzao, seli B, kutengeneza kingamwili, hata dhidi ya kimeng'enya kile kile. Chembe nyeupe zilizojipenyeza kwenye utando wa utumbo nazo huanza kuua seli za utando huo. Na seli T hizo zina kumbukumbu. Ukae mwaka bila ngano, ukionja tu zinaamka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini "kidogo tu" haipo. Mama mkwe wangu wa Ukerewe alinibembeleza, "Mwanangu, kipande kimoja hakiui." Nilimweleza kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, makombo tu ya mkate, zimeonekana kuharibu utumbo wa wagonjwa ndani ya miezi mitatu. Alinyamaza. Safari iliyofuata alinipokea kwa ugali wa udaga, yaani wa muhogo, na sato aliyemkaanga kwa mafuta mapya, maana mafuta yaliyokaanga maandazi siyagusi.

Kilichonishinda muda mrefu ni uji wa lishe. Niliununua dukani bila kujua ndani kuna ngano. Sasa nachanganya ulezi, mtama na mchele mwenyewe, lakini hata hilo halikutosha: mashine ya kusaga ilikuwa imetoka kusaga ngano ya mtu mwingine. Nimepata mashine isiyopokea ngano kabisa, ni mbali, naenda mara moja kwa mwezi. Asubuhi nachemsha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Damu ilianza kupanda mwezi wa nne tangu niache ngano.

Kwa kuwa ugonjwa huu hutembea kwenye familia, binti yangu naye atapimwa mwezi ujao. Mpaka siku hiyo lazima aendelee kula ngano, kwa hiyo kila asubuhi anavuka uwanja kwenda kwa wifi yangu kunywa chai na chapati.