Anayeweza kucheka

Juzi binti yangu aliniuliza kama bibi yake bado ni bibi. Mama hatutambui tena, na mtoto alitaka jibu moja tu, ndiyo au hapana. Nilimwambia ndiyo. Aliporudi kucheza nilibaki nimekaa pale, na mawazo yakanirudisha seminari kuu, mwaka wa kwanza wa falsafa, kipindi cha mantiki mchana, mabati yakilia kwa jua.

Ubaoni Padre alikuwa amechora ule mti unaotokana na kitabu kidogo cha Porphyry, mwanafalsafa wa kale aliyeandika kwa Kigiriki, ambacho Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, alikitafsiri kwa Kilatini na ambacho vyuo vya Ulaya vilianza nacho masomo ya mantiki kwa karne nyingi. Juu kabisa dhati, yaani kitu kinachokuwapo chenyewe. Dhati inagawanyika, yenye mwili na isiyo na mwili. Yenye mwili inagawanyika tena, yenye uhai na isiyo nao. Ukizidi kushuka unamkuta mnyama, na chini kabisa mnyama mwenye akili, yaani mtu. Kutoa fasili ya kitu, alisema, ni kutaja jenasi yake ya karibu, yaani kundi pana kilimo, kisha tofauti inayokitenga na vingine vya jenasi hiyo. Fasili isiwe pana kuliko kitu chenyewe wala finyu, wala isijizungushe. Tukawa tunanakili.

Nyuma ukanyooka mkono. Alikuwa frateri mmoja mkimya, mwanafunzi wa upadre kama mimi, ambaye kwa kawaida hakuuliza chochote.

“Padre, nina mdogo wangu nyumbani. Hasemi. Jina lake mwenyewe halijui, na kula analishwa. Nimweke tawi lipi?”

Masomo yetu yalikuwa kwa Kiingereza, lakini swali hilo alilitoa kwa Kiswahili. Kalamu zote zilisimama. Padre aliweka chaki mezani, akajifuta vumbi la vidole kwenye kanzu, akamtazama kwa muda.

“Anacheka?”

“Anacheka, Padre. Jioni akisikia mbuzi wanarudi, anacheka mpaka anatokwa machozi.”

Padre akaichukua tena chaki, akaandika pembeni ya tawi la mwisho: anayeweza kucheka. Akatueleza, naye kwa Kiswahili sasa, kwamba wanafalsafa wa Zama za Kati walikuwa na mfano huu mdomoni kila siku. Kuweza kucheka ni sifa pekee ya mtu: watu wote wanayo, na wasio watu hawana. Hata hivyo si fasili yake, kwa sababu inachipuka kutoka katika kiini cha mtu, na kiini hicho ndicho fasili inachokitafuta. Tena Porphyry mwenyewe alishaeleza kwamba mtu haitwi mwenye kuweza kucheka kwa kuwa anacheka saa zote, bali kwa kuwa ameumbika hivyo. Na akili ni vilevile. Boethius alipotoa fasili ya nafsi, kwa maana ya mtu mmoja mmoja na si roho, alitaja asili yenye akili. Hakusema anayefikiri sasa hivi.

“Mdogo wako yuko hapa,” akasema, kidole kikiwa juu ya tawi la mwisho. “Hapa nilipo mimi.”

Frateri yule akaketi, akaendelea kuandika.

Mengine yalipita haraka. Mitihani, mimi kuondoka, yeye kupewa upadre. Miaka baadaye nilisoma kijitabu ambacho Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa Zama za Kati, alikiandika Paris katika miaka ya 1250 akiwa bado kijana, nikakuta anakiri kwamba tofauti za kiini za vitu tunavyovihisi zimefichika kwetu, kwa hiyo tunazitaja kupitia sifa zinazotokana nazo. Na katika mahubiri yake juu ya Kanuni ya Imani anasema hakuna mwanafalsafa aliyeweza kuichunguza kikamilifu asili ya nzi mmoja. Nilimpenda zaidi kwa hilo.

Ila kuna jambo bado linanisumbua. Kwa maelezo yake mwenyewe, Padre hakuwa na haja ya kuuliza. Hata jibu lingekuwa hapana, mtoto yule angebaki kwenye tawi lilelile. Kwa nini basi aliuliza? Huenda alitafuta dalili, kwa kuwa kiini hakionekani kwa macho. Huenda alitaka tu mwenzetu amzungumzie mdogo wake, badala ya kutafuta pa kumweka. Nimejaribu kuchagua kati ya hayo mawili, na bado sijaweza.