Kiganja kimoja kinatosha

Mtu akipata mbolea ya nyungunyungu, yaani kinyesi cha minyoo tunaowafuga kwenye ndoo kwa mabaki ya jikoni, kwa mara ya kwanza huitumia vile angetumia samadi ya ng'ombe: anajaza tu. Mimi huwaambia kiganja kimoja kwa chungu cha kiasi, kisha kingine baada ya miezi miwili hivi. Mbolea hii huachilia chakula cha mmea polepole, haichomi mizizi, na ndani ya nyumba hainuki. Kwetu tuliopanga nyumba za ghorofa hapa Section 58, Nakuru, suala la harufu si dogo. Weka samadi mbichi ya kuku kwenye baraza uone kama kuna jirani atakusalimia.

Ukipanda mche mpya, changanya sehemu moja ya mbolea na sehemu nne za udongo. Usipande kwenye mbolea tupu, maana ikilowa hushikana na mizizi inakosa hewa. Udongo wetu huu mwepesi wa volkano hupitisha maji upesi mno, na ukipata mchanganyiko huo unakaa na unyevu vizuri.

Siku ya kuvuna ndiyo naipenda kuliko zote. Namwaga ndoo juu ya gunia mahali penye mwanga, narundika kichuguu, naacha. Nyungunyungu hawana macho, lakini ngozi yao inahisi mwanga na wanaukimbia kwa kujichimbia chini. Baada ya dakika chache nakwangua tabaka la juu kwa vidole, nangoja, nakwangua tena, hadi chini libaki fundo jekundu la minyoo waliosokotana. Mbolea iliyoiva ni nyeusi, inamegeka, na inanukia udongo ulioguswa na mvua. Ganda la ndizi likiwa bado linatambulika, rudisha kila kitu ndooni. Angalia pia punje za manjano zenye ncha, hazizidi mtama kwa ukubwa. Hivyo ni vifuko vya mayai, na kifuko kimoja hutoa watoto kadhaa. Mimi huviokota kimoja kimoja kwa ncha ya kijiko. Sina haraka na kazi hiyo.

Minyoo wenyewe ni wale wekundu, Eisenia fetida. Wale wa shambani wamezoea kuchimba udongo wa chini, na ndoo haiwafai. Hao wekundu wape maganda ya ndizi, majani ya chai yaliyokwisha kutumika, mabua ya sukuma, maganda ya mayai yaliyosagwa. Nyama, mafuta, chumvi na ndimu weka mbali.

Sasa, si kila mmea unaitaka sawasawa. Dania na terere kwenye makopo hustawi sana. Shubiri haihitaji karibu chochote, iache. Sukuma ina ulafi: ndoo moja ya nyungunyungu haiwezi kulisha shamba la sukuma, kwa hiyo huko bustanini natumia samadi iliyooza vizuri, na hii ya nyungunyungu naiweka kwenye shimo la mche peke yake.

Na kuna tatizo ambalo mbolea haitalitibu. Lile ua la majani marefu yenye mstari mweupe, linaloning'iniza watoto wake, mara nyingi hukauka ncha likawa la kahawia. Watu hukimbilia kuliongezea mbolea. Hapa Nakuru chunguza maji kwanza. Visima vingi vya huku vina floridi nyingi, ileile inayotia meno madoa, na ua hilo haliivumilii. Kinga maji ya mvua ulimwagilie hayo. Ncha zilizokauka hazirudi kijani, ila majani mapya yatatoka safi.

Yale maji meusi yanayodondoka chini ya ndoo siyaiti mbolea. Yametoka kwenye maganda yanayooza, na hayajapita tumboni mwa mnyoo. Ukitaka mbolea ya maji, loweka kiganja cha ile iliyoiva kwenye ndoo ya maji usiku kucha, koroga, chuja kwa kitambaa, utumie siku hiyohiyo. Mimina kwenye udongo, hasa kwa dania na mboga nyingine utakazokula mbichi, usirashie majani.

Dada yangu yuko Kisumu, na huko adui ni joto. Likizidi nyuzi 30 ndani ya ndoo, minyoo huanza kutaabika. Ndoo yake iko kivulini upande wa nyuma ya nyumba, imefunikwa gunia bichi, na adhuhuri ya Januari analilowesha tena.