Droni yangu ilivyopata kwikwi Kabale

Niliandika programu ya kuongoza droni. Kwenye kiigizo, yaani safari ya kuigiza ndani ya kompyuta, droni ilizunguka shamba bila kosa, kila nilipoijaribu. Nikafunga mzigo, nikapanda basi la usiku kutoka Kampala hadi Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kibali cha kurusha droni kikiwa mfukoni (kukipata ni hadithi ya siku nyingine). Shamba lilikuwa la viazi, la askari mstaafu ambaye kila mtu humwita Afande. Kiswahili chake ni kile cha kambini.

Kupaa ilipaa. Kisha inasogea, inasimama, inasogea, inasimama. Afande akatazama juu.

"Kijana, hiki kidege kimekunywa waragi, ile pombe kali yetu?"

Nikasingizia upepo. Siku mbili zikapotea nikibadilisha propela na kuchezea mipangilio, hata hewa nikailaumu. Si upuuzi mtupu: Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano, na kweli betri iliisha mapema. Lakini hewa nyepesi haileti kwikwi.

Jioni ya pili ndipo nikafanya nililopaswa kuanza nalo. ArduPilot, programu inayoendesha droni yenyewe, huandika kumbukumbu ya kila safari, ya kweli na ya kuigiza, kwa muundo uleule. Nikazifungua zote mbili kwa pamoja. Kwenye ile ya kuigiza, amri za mwendo zilifuatana kama matone juu ya bati. Ile ya shambani ilikuwa na mapengo, mengine ya zaidi ya sekunde 3. Na hapo ndipo kikomo: droni inayoongozwa na kompyuta isipopata amri mpya ya kasi kwa sekunde 3, ArduPilot huisimamisha. Kumbe droni ilikuwa inatii tu. Mlevi alikuwa programu yangu.

Ilituma amri, ikangoja kuambiwa droni iko wapi, ndipo itume nyingine. Ndani ya kompyuta moja jibu hurudi papo hapo. Shambani jibu lilipitia redio ya biti 57,600 kwa sekunde, iliyojaa habari za betri na GPS, na nyingine zikipotea njiani.

Sikugusa programu kwanza. Nilikiharibu kiigizo: nikakitoa Canberra, Australia, kinakoanzia chenyewe, nikakileta Kabale, nikachelewesha ujumbe na kuutupa mwingine makusudi. Kwikwi ikatokea mezani! Hapo nikatenganisha kazi, sehemu moja itume amri mara mbili kwa sekunde bila kungoja mtu, nyingine isikilize. Programu nikaihamishia kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo, nikaifunga juu ya droni yenyewe na kuiunganisha kwa waya badala ya redio.

Asubuhi droni ikanyooka juu ya matuta bila kusita. Afande akatikisa kichwa.

"Leo pombe imemtoka. Sasa mwambie mbele kuna mlima."

Kimo cha mita 30 nilichoweka kilihesabiwa kutoka ilipopaa, na kiigizo changu kilikuwa uwanda mtupu. Nikaidaka rimoti.