Moshi mpaka Pangani kwa bajeti ndogo, plani yetu ya Sabasaba

Watu wa Moshi mnaijua Julai yetu, mlima umejifunika wiki nzima, jua linachungulia saa nane mchana halafu linarudi ndani, jioni kila mtu na jaketi. Ndio maana Sabasaba hii nyumbani tumekubaliana tushuke baharini tukapate joto. Zanzibar tumeiacha, Dar tumeiacha, tunaenda Tanga, mkoa wa jirani kabisa, ukimaliza wilaya ya Same umeshaingia, na safari tunaimalizia Pangani. Tuko wanne, mimi, mke wangu, mdogo wangu na shemeji yangu ambae hajawahi kuiona bahari kwa macho yake, na kwakweli yeye ndio sababu kubwa ya safari hii.

Pangani niliichagua mimi na sikutaka mjadala mrefu. Maji yanayotoka huku kwetu, Mto Kikuletwa unaobeba maji ya Meru na Kilimanjaro, na Mto Ruvu unaotokea upande wa Ziwa Jipe, yote yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yakitoka pale ndio Mto Pangani, unateremka sambamba na milima ya Upare na Usambara, ukiwa barabarani unakutana na mto huohuo tena Korogwe, pale Hale unazungusha mitambo ya umeme, halafu unaenda kumwaga baharini Pangani mjini. Yaani barabara na mto vinasafiri pamoja karibu njia nzima. Nataka shemeji asimame pale mdomoni mwa mto aone maji ya mlima wake yanapoishia.

Sasa hela. Moshi mpaka Tanga mjini ni kama kilomita 355, Tanga mpaka Pangani ni kama 50, kwenda na kurudi na mizunguko ya mjini tunapata kama 860. Gari letu dogo likiwa barabara kuu linakula lita moja kwa kilomita 13 hivi, kwahiyo ni lita 65 mpaka 70, na nikipigia elfu tatu kwa lita inakuja laki mbili na kidogo, gawa kwa wanne kila mtu elfu hamsini na kitu, mafuta yameisha hayo kwenda na kurudi. EWURA, wale wanaosimamia bei za mafuta, wanatangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwahiyo kabla ya kujaza tenki nitaangalia kwanza bei imepanda au imeshuka. Kulala tumeweka elfu thelathini kwa chumba, vyumba viwili, gesti safi yenye feni na chandarua, hoteli za bichi tumeziacha maana bahari ni ileile, ukitaka kuoga unaenda unaoga unarudi.

Kuna mtu atauliza mbona hampandi Lushoto wakati Mombo mnapita. Lushoto ni pazuri sana na anaetoka Dar aende, lakini sisi baridi tunalo nyumbani, ukipanda unaongeza zaidi ya kilomita 60 kwenda na kurudi na milima ile gari linakunywa mafuta kwelikweli, halafu siku yenyewe inakatika katikati. Safari fupi ukiijaza vituo vingi unaishia kuona dashibodi tu.

Kutoka tutatoka saa kumi na moja alfajiri. Kipande cha Same kina upepo wa pembeni unasukuma gari, na kuanzia Hedaru jua likishapanda ni joto haswa, kwahiyo nataka hapo tupapite mapema. Kuna kitu kingine cha maana kuliko vyote, vijiji. Njia ile imenyooka inakushawishi ukanyage, lakini kila penye kibao cha 50 ni 50, trafiki wapo na tochi zao za kupima mwendo na faini ya elfu thelathini ni chumba kizima cha gesti hicho, na zaidi ya faini kuna watoto wanavuka kwenda shule na mbuzi wanavuka bila kuangalia. Mtungi wa kuzimia moto uwe haujaexpaya, pembetatu ziwepo, jeki na tairi la spea lenye upepo, maana kuna watu wanabeba spea miaka wakija kulihitaji ni flati.

Kuanzia Mazinde mnaanza kuona mkonge, mistari na mistari mpaka Korogwe na kuendelea. Mmea huu uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu na ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani hukohuko tunakoenda. Mashamba yote yale yakaanzia hapo.

Segera tunakunja kushoto kuelekea Tanga, na Muheza ni lazima tusimame. Julai machungwa ya Muheza yamejaa barabarani, na mimi nayapenda yale ya kumenyewa palepale, muuzaji anazungusha kisu ganda linatoka utepe mmoja mrefu bila kukatika, anaacha ile nyeupe, anakata kofia juu, unaminya unafyonza. Hapo hata chakula cha mchana unaweza ukasahau. Tutanunua na ya kurudi nayo ila siku ya kurudi, sio siku ya kwenda, yasije yakakaa kwenye buti kwenye joto lote lile.

Tanga mjini tunalala, asubuhi tunaenda mapango ya Amboni, ni kama kilomita nane tu kutoka mjini njia ya Horohoro, mle ndani giza na kuna sehemu unainama kupita kwahiyo viatu vya kufunga na tochi ya mkononi, sio kandambili. Baada ya hapo ndio Pangani, njiani tunapita Tongoni kuona magofu ya msikiti wa zamani na makaburi yenye nguzo, sehemu imetulia na watu wengi wanaipita tu.

Pangani yenyewe haina haraka. Nyumba za zamani za ukingoni, boma la Wajerumani, na ndio mji alionyongewa Abushiri bin Salim Desemba 1889 baada ya kuongoza pwani kupigana na Wajerumani, na mdogo wangu anasoma historia kwahiyo hapo atatuelezea yeye. Jioni samaki wa nazi na wali. Kuhusu fungu la Maziwe, kile kisiwa kidogo cha mchanga baharini, bado hatujaamua, Julai ni kusi, upepo unaotoka kusini, bahari inachafuka na boti sio bei rahisi mkiwa wanne, tutaongea na mabaharia wenyewe pale, wakisema upepo hauruhusu basi tutaogelea ufukweni na hela inabaki mfukoni. Cha muhimu ni kuuliza maji yanapwa saa ngapi, maana siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yakiwa yametoka unatembea matopeni mbali mpaka uikute bahari.

Gari linaenda kwa fundi wiki moja kabla, breki, rejeta, feni belti na tairi za mbele. Shemeji ameshanunua kofia.